Kitabu cha Wageni

Jumanne jioni

Bon, mi niko mugeni. Miaka makumi ine hapa Kisangani, na leo nimejua kama niko mupita njia.

Nilienda kuomba pension ya uzee. Kijana wa biro ya pension akasoma karatasi zangu za kazi ya reli, zote nzuri. Kisha akataka hati ya kukaa hapa kabisa. Kila mwezi walikata mushahara wangu kwa pension hiyo hiyo, na hakuna siku moja waliuliza natoka wapi.

Alors nikaenda kwa chef wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu. Ana vitabu viwili, cha wakaaji na cha wageni. Muke wangu marehemu iko kwa wakaaji. Watoto pia. Mi niko kwa wageni, kwa sababu nilipofika kutoka Kigoma nililala kwanza kwa mujomba wangu, tonton Saleh, na yeye akaniandikisha usiku ule ule kama kila mwenye nyumba anavyofanya. Hakuna mutu alihamisha jina.

"Ni kosa kidogo, papa," chef akasema. "Lete watu wawili waliokuona ukifika, tunamaliza."

Kosa kidogo. Huyu chef mwenyewe nilimubeba mugongoni akiwa mutoto.

Njia nzima nilikuwa natafuta majina. Tonton Saleh. Muke wake. Jirani yao muvuvi. Wote wako makaburini, na wote niliwazika mi.

Kesho nitamupeleka chef kule, na kitabu chake. Awaulize.