Tungule za Hud

Sur, 3 Novemba 2023

Da Tahira, shikamoo.

Natumai u mzima na maabara haijakuzeesha. Mimi sijambo, alhamdulillah, ila kazi ya kuuza vipuri inanitia mafuta mpaka kwenye nyusi.

Najua ni miezi minane sijakuandikia, tangu siku ya tatu ya matanga ya Baba, uliponiambia mbele ya mashangazi kwamba nimerudi kutoka Malaysia na mabegi matatu bila cheti hata kimoja. Sikuandikii kwa hilo. Nakuandikia Kiswahili kama Bibi alivyotuusia, na pia kwa sababu hapa dukani hapana anayekisoma.

Nina mimea chumbani. Tungule, nyanya za kutia kwenye mchuzi tu. Sina uwanja huku ghorofani, basi nimezipanda ndani, kwenye makopo ya samli, na taa juu yake. Wiki ya pili sasa majani yananing'inia kama yamechoka kuishi, na ya chini yanageuka manjano na kuanguka, moja moja. Wewe watu wa mji wa Adam wanakuletea majani ya midimu na mitende kwenye mifuko ya plastiki, ukayasoma kama barua. Nisomee na yangu.

Mdogo wako,
Hud

*

Nizwa, 4 Novemba 2023

Hud, mdogo wangu, marahaba.

Mimi mzima, na Mama mzima huko Ibra, isipokuwa goti. Anakuulizia kwa kunyamaza. Barua yako nimeisoma mara tatu kazini, mpaka mwenzangu Reem akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakufa mtu, kuna mtu kafufuka.

Ya matanga tutayazungumza, au hatutoyazungumza. Nyumba yetu ni hodari zaidi kwa hilo la pili.

Sasa nijibu. Unamwagilia mara ngapi? Jani linaponing'inia, ni jepesi kama kitambaa, au limejaa na kujikunja kwa chini? Kopo lina tundu? Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili, uniambie umekuta nini. Na usitie mbolea. Kila anayeona manjano hukimbilia mbolea, na nusu ya mimea inayoletwa hapa imeuliwa na huruma. Niletee picha.

Dada yako,
Tahira

*

Sur, 8 Novemba 2023

Da Tahira, shikamoo, na goti la Mama nalo shikamoo.

Kidole kimetoka na tope. Namwagilia asubuhi na jioni, najaza mpaka ukingoni, kama Baba alivyotufundisha zamu yetu ya falaji, ule mfereji wa shambani, ilipofika: jaza, usimwache mtende na kiu, zamu nyengine iko mbali. Makopo hayana matundu, kwani maji yangeharibu zulia la mwenye nyumba. Jani limejaa na limejikunja.

Picha hiyo hapo.

Mdogo wako,
Hud

*

Nizwa, 9 Novemba 2023

Hud, natumai umeamka salama.

Picha nimeiona. Niliifungua kazini, nikaifunga, nikenda kutia udhu, nikarudi nikaifungua tena kwenye simu. Tungule nazipima mwaka wa tano sasa. Sitokuuliza hizo ni tungule za wapi.

Maji yamezidi. Maji ya falaji hupita yakenda zake, na mtende una ardhi chini yake mpaka utakapo. Ndani ya kopo la samli hayana pa kwenda. Mizizi imekaa majini, haipumui, inaoza, na mzizi ukioza haupandishi chakula. Basi mmea unakula majani yake ya chini ili uyalishe ya juu. Ndiyo manjano hayo. Toboa makopo, weka sahani chini kulinda zulia, na uache udongo ukauke mpaka kopo liwe jepesi mkononi. Hapo ndipo utie maji, kidogo.

Usimuonyeshe mtu. Picha usimpelekee mtu mwengine, na yangu nimeifuta. Sheria ya nchi unaijua, na ukikamatwa hapana mjomba atakayekutoa.

Dada yako,
Tahira

*

Sur, 30 Novemba 2023

Da Tahira, shikamoo.

Yamesimama. Asubuhi nilifungua mlango nikayakuta yametandaza mikono kama watu wanaoomba dua. Manjano yaliyoanguka yameanguka, ila mapya ni mabichi mpaka napata haya kuyatazama. Sijui lini mara ya mwisho niliokoa kitu.

Ninalala sasa, dada. Tangu Kuala Lumpur sikuwa nalala. Duka silichukii tena, na jana nilimchekesha mteja kutoka Qalhat, mzee ambaye alikuwa hajacheka tangu kununua mashine yake ya boti.

Ijumaa nitakuja Ibra kula kwa Mama. Usimwambie. Nataka nione uso wake.

Mdogo wako,
Hud

*

Nizwa, 11 Disemba 2023

Hud wangu, uhali gani?

Tangu Ijumaa Mama anaimba akifagia. Amehifadhi sahani uliyolia wali, hataki iingie kabatini na nyengine.

Nami nilifurahi. Lakini ulipokuwa unakuna nazi pale jikoni, nami nimesimama nyuma yako na chujio, nilikuwa na neno mdomoni. Ulisema, "Da Tahira, mbona unanitazama kama polisi?" Ukacheka. Kisha Mama akaingia, akasema nazi yako ina maganda, wewe ukamwambia maganda ndiyo dawa ya goti. Neno likarudi chini. Nikajiambia nitakuandikia. Ninaandika sasa, na nikilitazama naona litatuvunjia ile Ijumaa.

Kula vizuri. Funika shingo, upepo wa bahari umeanza kuwa baridi.

Dada yako,
Tahira

*

Nizwa, 14 Januari 2024

Hud, salama?

Simu yako imefungwa siku ya nne leo. Dukani wanasema hukuja. Nijibu hata kwa neno moja.

Tahira

*

Nizwa, 2 Februari 2024

Hud, mdogo wangu, asalaam aleikum.

Barua hii anakuletea Muatasim, wakili wetu. Yeye ndiye aliyenieleza: kiyoyozi cha jirani kilivuja, mwenye nyumba akampandisha fundi, fundi akafungua mlango wako akidhani ndio huo. Aliona taa, akaona yaliyo chini ya taa. Saa ya adhuhuri polisi walikuwa wameshafika.

Nakuombea afya. Sijui unalala wapi, na juu ya nini, na kama unalala.

Mama tumemwambia umepata kazi Duqm, kambi haina mtandao. Mashangazi wamekubaliana hivyo. Sitara, wanasema. Anakukunjia nguo za kukupelekea.

Hud, nisamehe kwa jambo lile. Nilijua tangu siku ya picha. Miezi minane hukuwa umeniuliza kitu, na ulipouliza, uliniuliza kitu nikijuacho. Niliogopa nikikukaripia utafunga mlango tena. Basi nikawa bingwa wa maji na mizizi. Ulipoandika yamesimama, nilifurahi, wallahi nilifurahi, kama niliyemtibu mtoto. Usiku na mchana nahesabu siku ambazo ningeweza kusema. Ni nyingi. Ijumaa ile peke yake ilikuwa na saa tano.

Dada yako,
Tahira

*

17 Aprili 2024

Da Tahira, shikamoo.

Mimi mzima. Tunakula, tunasali jamaa, kuna mzee wa Sinaw anayenifundisha kusoma Kurani kwa tajwidi na kunicheka lafudhi yangu. Hukumu umeisikia kwa Muatasim: miaka mitano. Siitaji tena.

Barua yako nimekaa nayo. Nitakwambia kitu, si kwa kukulaumu, maana nilipanda kwa mkono wangu na nilimwagilia kwa mkono wangu. Siku ile ningeweza kukupigia picha ya majani manjano peke yake. Nilikupelekea mmea mzima, na vidole vyake vyote. Nilisema moyoni: Da Tahira ataujua papo hapo, atapiga simu, atanitukana kama mbele ya mashangazi, nami kwa hasira nitang'oa vyote. Peke yangu nilishajaribu mara mbili, nikashindwa. Nilikaa na simu mapajani siku nzima. Ikaja barua ya kutoboa makopo.

Ilikuwa barua nzuri. Kila ulichosema kilikuwa sawa.

Na hii yako ya mwisho, dada, yote unaomba radhi, na bado umeandika "jambo lile". Mama naye yuko Ibra ananikunjia nguo za Duqm. Mimi nimo humu kwa sababu watu wanaonipenda ni wapole mno. Mwambie. Usimtume shangazi. Mwambie wewe, na ulitaje.

Mdogo wako,
Hud

*

Ibra, 28 Aprili 2024

Hud, mdogo wangu, marahaba. Natumai mzee wa Sinaw hajakuchoka.

Nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele. Nikasema: Mama, Hud hayuko Duqm, yuko jela. Alipanda bangi chumbani kwake. Ilikuwa inakufa, akaniuliza, nami nikamwonyesha namna ya kuiponyesha, nikijua kuwa ni bangi.

Hakupiga ukelele. Aliuliza, "Tangu lini?" Nikasema Novemba. Akauliza, "Ijumaa ile alipokuja kula, ulikuwa unajua?" Nikasema ndio. Akaendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha, kisha akaumwaga kwenye pipa pamoja na mawe yake.

Siku tatu akila peke yake chumbani. Jana amesema Alhamisi anakuja kukuona. Nitamleta mimi, kwani hapana mwengine wa kuendesha. Ameweka sharti nisishuke garini.

Sitoshuka. Ila nitakuwa hapo nje, toka mnapoanza mpaka mtakapomaliza. Ukiwa na la kunitukana, mpe Mama aniletee, lote, usipunguze.

Dada yako,
Tahira