Namba Zisizo na Wimbo

Jumatatu, 3 mwezi wa sita
Zamu ya asubuhi tena. Baridi ya uwanja wa ndege wa Luano haina huruma, vidole vimekufa ganzi juu ya mizani. Abiria watatu wamenitukana kwa sababu ya kilo zao wenyewe. Nimerudi nyumbani Bel-Air saa tisa, nikakuta moshi. Papa aliburuta mbabula, jiko letu la makaa, ndani ili aote, blanketi likashika moto. Aliuzima kwa chai yake. Ana miaka themanini na miwili na haoni kitu. Ni mara ya pili. Jirani amesema hawezi tena kumchungulia, naye ana wagonjwa wake.

Nimempigia simu shangazi kule kijijini Lukafu. Amekubali kumpokea kaka yake. Papa ataondoka tarehe 22 na gari la mfanyabiashara wa mahindi. Sikulia. Nimechoka mno.

Alhamisi, 6
Nimemwambia Papa. Nilidhani atagomba. Aliuliza jambo moja tu: nyimbo zake je?

Nyimbo zake. Alifanya kazi kwenye reli, lakini ukimuuliza yeye ni nani atakuambia ni mwalimu wa kwaya. Miaka thelathini parokiani, na kila wimbo waliouimba aliurekodi kwenye kaseti. Vijana wa kwaya walizihamishia zote kwenye kompyuta yangu, na mimi ndiye ninayemfungulia. Lukafu hakuna kompyuta. Umeme ni wa paneli ya jua ya shangazi.

Kwa hiyo natafuta mashine ndogo ya muziki. Memori kubwa, zienee zote. Betri ya kudumu. Mtu asiyeona aweze kuitumia peke yake. Na bei ya mtu anayepima mizigo ya wengine.

Jumamosi, 8
Mjini. Mwuzaji anaitwa Guylain, ana ndevu na maneno mengi. Simu kubwa nimeikataa, kioo cha kutelezesha kidole hakimfai kipofu. Akanionyesha kitu chembamba cha chuma, kizuri, memori kubwa kuliko zote dukani. Kisha kiredio chekundu chenye vitufe vya namba kama simu za zamani. Sura mbaya. Nilikicheka.

Nimechukua kile chembamba. Nimejipongeza njia nzima.

Jumapili, 9
Nilijipongeza mapema. Kitufe kimoja kinafanya kazi tano na kioo ndicho kinachokuambia uko kwenye kazi ipi. Papa alihangaika nacho asubuhi nzima asipate hata wimbo mmoja. Akanirudishia.

"Mi sitaki kitu ya kujificha. Nikifinya mia na kumi na mbili, iimbe mia na kumi na mbili. Njo ile tu."

Ningepaswa kujua. Kwenye kwaya yao nyimbo hazina majina, zina namba za kitabu. Yeye alitaja namba, watu sitini wakafungua midomo. Hata hapa nyumbani ilikuwa hivyo. Mama akipika kwa furaha, Papa alisema leo ni 58. Mimi mwenyewe sijui 58 inaitwaje.

Jumanne, 11
Kwa Guylain. Pesa hairudi, ni kubadilishana tu. Nimerudi na kiredio chekundu nilichokicheka, na memori kadi iliyoandikwa GB 128 kama fidia. Papa alikipapasa, akakuta kinundu kwenye kitufe cha 5, akatabasamu. Kadi ilishiba kwenye wimbo wa sitini. Mia ishirini na nane za uongo.

Alhamisi, 13
Kwa Guylain tena, na kompyuta kwapani. Nimeijaza kadi nyingine mbele ya macho yake mpaka aliponiomba nikae kando, nisimfukuzie wateja. Zimeenea zote. Miguu inaniuma.

Jumamosi, 15
Papa alifinya 58. Ukaja wimbo mwingine. Akafinya tena, polepole, akihesabu vitufe kwa kidole. Ule ule. Akajaribu 112, nayo si yenyewe. Aliweka redio mapajani.

"Kichwa yangu njo imeisha," alisema.

Kusema kweli nilidhani ni kweli. Miaka themanini na miwili, nikafikiri, basi hata namba zimemtoka. Nikaenda kufua. Naandika hili kwa aibu.

Jumapili, 16
Si kichwa chake. Nimechukua kitabu cha kwaya na kukaa na ile mashine saa tatu nzima. Haisomi majina wala namba nilizoandika. Inahesabu tu: wa kwanza kuingia ndio moja, wa pili ndio mbili. Kitabu kina nyimbo 412, kaseti zina 371. Namba 7 haikurekodiwa kamwe, kwa hiyo 8 imekalia kiti cha 7, na kwaya yote imesogea kwenye benchi.

Nilimwendea mbio. Alicheka, mara ya kwanza mwezi huu. "Basi mujinga ni mashine. Haiko miye."

Nimemwomba msamaha. Hakujua wa nini, na sikumweleza. Sasa lazima niziingize moja moja kwa mpangilio, na kwenye nafasi 41 tupu niweke kitu.

Jumanne, 18
Nimejaribu kuweka ukimya. Papa alifinya 7, akasikia kimya, akaipiga redio makofi akidhani imekufa. Haifai.

Basi najirekodi kwa simu. Papa, namba saba hatuna. Papa, namba kumi na tisa hatuna. Nilipofika ya kumi nilikuwa nimeichukia sauti yangu. Na mafua nayo yamenikaba.

Alhamisi, 20
Nimemaliza. Nilichoka kusema hatuna, hatuna, kama karani. Nikaanza kusema mengine. Kwenye 140 nimemsimulia abiria aliyevaa makoti manne ili kukwepa mizani yangu, jasho likimtiririka kwenye baridi hii. Kwenye 199 nimemlalamikia makaa yasiyowaka.

Kwenye 230 nimesema kile ninachoshindwa kusema mezani. Kwamba simfukuzi. Kwamba kila siku nikitoka kazini naogopa nitakuta moto umeshamaliza kazi yake. Kwamba nimechoka, na naona haya kuchoka kwa sababu ya baba yangu. Sikurekodi upya. Nimeiacha hivyo hivyo, na makamasi yake yote.

Jumamosi, 22
Ameondoka. Kiti cha mbele, redio mapajani, imefungwa kwenye kitambaa cha marehemu Mama. Kabla gari halijaondoka alifinya 58, na 58 ikaimba. Dereva alitaka taarifa ya habari. Pole yake.

"Mama, rudi mu nyumba. Kuko baridi."

Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nimefagia chumba chake. Nyumba ni safi na naichukia.

Jumapili, 7 mwezi wa saba
Nimesonga bukari, ugali wa watu wawili, tena. Nusu nimempa jirani.

Shangazi amepiga simu. Hupanda kilimani kutafuta mtandao, kwa hiyo anahema kwanza, kisha anaongea. Papa anakula. Paneli inatosha. Wazee wa pale huja na viti vyao na kumtajia namba ovyo ovyo wasikie kitakachotoka.

"Lakini kila asubuhi anaanza na ile yenye unasemaka weye," aliniambia. "Ya kwaya inakuya nyuma."

Nilimuuliza ni namba gani. Hakukumbuka, akamwuliza mtoto wake. 230.

Anaisikiliza mpaka mwisho, anasema shangazi. Halafu anaijibu. Kila siku jibu ni lile lile: "Haina mambo, mama."

Kisha anafinya 58.