Rangi ya Salama

Alhamisi, mwezi wa Rajabu, mwaka wa pili wa uhuru

Bado vidole vyangu vinanuka dawa, na sitaki kuvinusa.

Leo mchana Bi Khadija, mamake marehemu shoga yangu Salama, alinipa rangi ya nywele ya kahawia na chupa mbili za maji ya kuchanganyia, moja kali, moja nyepesi. "Nipake kama ulivyokuwa ukimpaka mwanangu," akasema.

Nikamweleza kwamba nywele za Salama zilikuwa nyeusi tititi, ndiyo maana nilitumia maji makali yanayopausha nywele, rangi ipate kuonekana. Mvi zake yeye zingetosheka na yale mepesi. Kwa kweli nilitaka aghairi kupakwa. Hakughairi.

Nilipomaliza kumsuza alikaa uani amenipa mgongo, nywele zimemshuka mabegani. Kahawia ile ile. Shingo ile ile. Nilitaka kumwomba kitana, jina likanitoka.

"Salama."

"Labeka," akaitika.

Hakugeuka. Nikabaki na taulo mkononi. Kisha akasema taratibu, "Niite tena, mwanangu. Tangu azikwe hakuna anayelitaja jina hilo nyumba hii."

Nikamwita. Akaitika. Tukaendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri ikatunyamazisha.

Amenitaka nirudi mvi zikichipua. Mume wangu anasema si vyema, wafu waachwe wapumzike. Ni kweli. Lakini sauti iliyoniitikia mara ya mwisho haikuwa ya Bi Khadija, na nitarudi.