Ufa Chini ya Kayaki ya Sjur

Sørvika, Sunnfjord
24 Aprili

Mpendwa kaka Eilev,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe, na Marisol, na mabinti? Mgongo umepona, au bado unajifanya kijana kwenye yale mabwawa ya samaki? Najua huko Chile sasa baridi ndiyo inaingia, kwa hiyo vaa sweta niliyokufumia, usiiweke kabatini kama maonyesho. Sisi huku miili ni mizima. Mioyo, kaka, sijui nikwambieje. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Banda la mashua la baba limeanguka. Mwezi wa tatu theluji ilianguka juu ya theluji, ikaja mvua ikailowesha, paa likashindwa. Kayaki zote mbili, ile mitumbwi yenu myembamba ya plastiki, zilikuwa humo ndani. Yako imekunjika katikati, haifai tena, pole sana. Ya Sjur ilipasuka ufa wa urefu wa mkono, chini ya kiti kabisa.

Unajua ile kayaki ni nini kwa mume wangu. Tangu lile gogo lilipomponda miguu yote miwili ikabidi ikatwe, amekuwa mtu wa dirishani. Majini tu ndiko alikokuwa Sjur yule yule, maana ukishaingia kwenye kayaki hakuna anayekuona kuanzia kiunoni kwenda chini. Kile kiti alikichonga mwenyewe mpaka kikamkaa. Wanakijiji walitaka kuchangishana wamnunulie mpya. Unawajua, hata uzio wa kanisa huupaka rangi wote kwa pamoja halafu hula keki za kuokwa kwenye chuma, kwa jamu. Akawatimua mlangoni. “Mimi si uzio wa kanisa!” Nilitamani ardhi inimeze.

Basi akaiziba mwenyewe. Na unadhani aliiziba kwa nini? Kwa mshumaa wa skii! Sisi watu wa huku hatuna akili nyingine. Skii, ubao wa kutelezea thelujini, ikikwaruzika tunawasha ule mshumaa wa plastiki, tunadondosha, tunakwangua, tunarudi mlimani. Nami nilisimama pale nikamshikia taa, nikamsifia. Kumbe skii inateleza tu juu ya theluji, lakini kayaki inajipinda kwa kila wimbi, na plastiki ya mshumaa ni nyingine kabisa. Kwenye joto la chumba cha chini ilishika vizuri. Alipoishusha kwenye fjordi, bahari yetu hii iliyobanwa na milima, ilibanduka yote kwa mkupuo mmoja.

Aliyemtoa majini ni jirani yetu Torgeir, aliyekuwa ufukoni akikwangua mashua yake. Na hapa ndipo ninapokatika maini. Torgeir alinivuta pembeni, macho yakiwa chini, akaniambia Sjur hakuwa mbali, na hakupiga kelele. Alikuwa ameikumbatia kayaki iliyojaa maji, ametulia, anamtazama yeye Torgeir akifanya kazi. Torgeir aligeuka kwa bahati tu, kuokota glavu yake.

Nilipomuuliza Sjur, alinijibu, “Sikutaka kumsumbua mtu kazini.” Alidhani nitacheka. Nilimwachia chakula mezani nikaenda kulia chooni.

Tangu siku hiyo naogopa hata kwenda dukani. Haongei. Kahawa inapoa mbele yake, viazi vinapoa, mimi naviondoa. Nikajiuliza, nikiitengeneza ile kayaki, si nampeleka majini tena kwa mikono yangu? Na nisipoitengeneza, si atamalizikia hapo dirishani? Ungekuwepo ningekuuliza wewe. Hukuwepo, Eilev, na nilikukasirikia sana, nakuambia ukweli.

Nikaikata kayaki yako. Nilitoa vijiti vyembamba vya kuzibia ya Sjur, kwa sababu zote mbili ni za kiwanda kimoja, na plastiki hii ni jeuri, gundi haitaki, inashikana na ndugu yake tu. Kwanza nilijaribu kwenye mabaki. Kipande kimoja nilikiziba kwa mshumaa, kingine kwa kijiti, nikavitia kwenye ndoo ya barafu, kisha nikavikunja kwenye goti. Mshumaa ulibanduka kama ganda la yai. Kijiti kiligoma kutoka, nikapata nguvu kidogo.

Nikatoboa kitundu kila ncha ya ufa kwa keekee ili usizidi kukimbia, nikakwangua kingo, nikawasha ile mashine ya hewa moto. Mama yangu! Niliunguza. Plastiki ikawa rangi ya kahawia, nyumba nzima ikanuka, nikakaa sakafuni nikasema basi, nimemuua mimi.

Mara nasikia kitu kinagonga ngazini. Ni yeye, anashuka kwa makalio, daraja moja moja, uso umekunjamana.

“Åshild, unatengeneza kayaki au unaoka samaki? Toa huo moto! Unayeyusha kijiti peke yake. Yeyusha vyote viwili, vikianza kung'aa ndipo ukandamize.”

“Kama unajua sana, njoo ushike wewe.”

Akashika. Tulifanya kazi mpaka ufa wote ukafunikwa, yeye akikandamiza, mimi nikipuliza moto, tukigombana kama zamani. Tukaijaza maji, halikutoka hata tone. Lakini ule mshumaa nao ulishika humo humo chumbani, kaka. Hilo halinitoki kichwani.

Leo baada ya chakula akasema kesho anashuka majini. Nikamwambia hapana, kesho naingia mimi.

“Wewe? Wewe kafi lenyewe hujui kulishika.”

“Utanifundisha.”

“Na maji yakiingia?”

“Utaniokoa.”

“Kwa miguu ipi, mwanamke?”

“Kwa mdomo, Sjur. Utaita watu.”

Akaniambia nimletee kamba, anataka kunifunga kiunoni anishike akiwa gatini. Naogopa mno. Yale maji yana baridi ya kuua, na mimi unajua sijawahi kuogelea kupita kifua. Lakini sina njia nyingine ya kujua kama kile kiraka kinashika, wala kama yeye anashika.

Mama anakusalimu kutoka nyumba ya wazee, anauliza kama umenyoa ndevu. Torgeir naye anakusalimu. Wabusu mabinti, na mwambie Marisol namkumbuka.

Sjur nilimuuliza nikupe salamu gani kutoka kwake. Akasema nisiandike kitu, atakupigia mwenyewe Jumapili. Eilev, tangu baridi ya huku ilipoingia sijamsikia akitaja siku iliyo mbele ya kesho. Tafadhali Jumapili usiende popote, kaa karibu na simu.

Mungu akuweke, kaka yangu, na atuweke na sisi kesho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukasirikia,
Åshild