Gobori Ulilokataa Kulitoboa

Kwa Salah Kerrow, fundi wa Galbet

Mwaka umetimia, Aabo, baba yetu, tangu tulipokusindikiza makaburini ukiwa kimya, wewe ambaye mtaa mzima ulikujua kwa kelele za tupa. Asubuhi bado tunasikiliza kama utaanza kupiga msasa kabla ya chai. Tumekukosa sana.

Ulitengeneza bunduki za polisi hadi ukastaafu, wala hukuwahi kuleta hata ganda la risasi nyumbani. Ndiyo maana tulishtuka uliporudi na sanduku la vipande vya gobori: mtutu, kitako cha mbao kisichochongwa vizuri, kifyatulio na jiwe la gumegume. Nyumba ya makumbusho ilikuwa imekuomba, kwa kibali cha serikali, uviunganishe ili vijana waone silaha ya zamani. Hooyo, mama yetu, aliuliza kama hapa duniani hakuna kitu kingine cha kuunganisha, kwa mfano mlango wa jikoni. Mlango huo uliuacha ukining'inia, lakini tumekusamehe.

Tulipenda kukutazama ukifanya kazi. Ulichonga kidogo, ukaulaza mtutu kwenye mfereji wake, ukautoa, ukachonga tena. Haraka haraka haina baraka, ulituambia, nasi tunakusubiri tule.

Mafuta ya kupaka mbao hukuyapata Garissa nzima, basi ukachukua subag, samli ambayo Hooyo aliwawekea wageni. Kitako kiling'aa! Mbuzi wa jirani nao wakaingia uani, wakakilamba chote. Ulicheka hadi ukakaa chini. Kisha ukapaka tena, safari hii bakora ikiwa mapajani.

Kikabaki kitundu kimoja tu cha kutoboa, kile cha ubavuni mwa mtutu ambamo cheche hupita kuifikia baruti. Bila hicho gobori haliwezi kulia. Ndugu yako, Adeer Bishar, alikuja na drili yake mkononi, maana alitaka lilie siku ya ufunguzi wa maonyesho.

"Walahi Salah, bunduki kama hailii ni ya nini? Toboa!"

"Bishar, hizi vitu nimesikia zikilia miaka mingi," ulimjibu. "Nimeosha watu wetu, nimezika. Hii moja wacha inyamaze."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Kicheko haijaua mtu."

Adeer aliondoka amenuna, na chai yake ikapoa. Hamkuwahi kulizungumza tena. Ulipotutangulia, gobori lilikuwa bado chumbani kwako, na ni yeye aliyelichukua kulipeleka makumbusho. Hooyo hakulala vizuri kwa kuiwazia ile drili. Siku ya ufunguzi, kabla hata ya kusalimia watu, tuliutazama ubavu wa mtutu. Ulikuwa mzima, Aabo, vile vile ulivyouacha.

Siku hiyo alikuja bibi mmoja, Fatumo, anayeishi kambi ya wakimbizi ya Hagadera tangu alipokimbia vita. Alisimama mbali, mikono yake ameificha ndani ya shuka. Adeer Bishar akamwita.

"Njoo, eeddo, usiogope. Hii haina pahali ya moto. Ndugu yangu alikataa."

Bibi akasogea. Akaupapasa mtutu kwa kidole, taratibu, huku na huku, akitafuta. Kisha akalinyanyua gobori lako kwa mikono miwili.

"Basi hii moja naweza kushika," akasema.

Adeer alilia mbele za watu, wala hakujifunika uso. Sisi tulijivuna kuwa watoto wako.

Mola akurehemu, Aabo, akujaalie Janna, na alipanue kaburi lako.

Unakumbukwa na mkeo Istahil, aliyejaza tena chupa ya subag. Na wanao Ilwad, Liban na Idman. Na ndugu yako Bishar, aliyekuja jana na ile drili, akatoboa mbao, akafunga bawaba mpya, akautengeneza mlango wa jikoni.

Sasa unafungika. Daima hatutakusahau.