Duara Tatu na Ufa wa Ukumbini

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimeketi pale ulipokuwa ukisahihishia madaftari ya jiografia, chini ya ufa wa ukumbini. Nyumba ingali imesimama. Naanza na hilo kwa kuwa wapo wasiolitaka.

Arubaini yako ilikuwa haijapita ardhi ilipotikisika. Vikombe viligongana kabatini, kisha kimya. Kesho yake ami Twalib, ndugu yako, alikuja na mnunuzi, akamwonyesha ufa, akatamka kwamba tetemeko limeanzia chini ya msingi wetu na kwamba nyumba ibomolewe, kiwanja kiuzwe, kabla haijatuangukia. Warithi wengine wote waliridhia. Ilibaki saini yangu.

Sikulia mbele yao. Niliomba muda.

Wakumbuka ulivyonifundisha, ukumbini humu humu? Nyumba ya msiba hutoa wajumbe wawili kwa pamoja, mmoja kwa baiskeli, mmoja kwa miguu. Jirani huwapokea karibu sawia. Aliye mbali, kule Ganjoni, humpata wa baiskeli kwanza, akangoja sana wa miguu. Ndivyo tetemeko litoavyo mawimbi mawili, la mbio na la polepole. Pengo la muda baina yake hukwambia umbali. Upande halikwambii, kwa hiyo kituo kimoja cha kupimia mitetemo huchora duara tu, cha pili hubakiza mahali pawili, cha tatu hukata shauri.

Mwanafunzi wako aliye Nairobi alinitumia kwa faksi nyakati mawimbi yalipofika kwenye vituo vitatu. Nikaitandaza ramani yako, nikaishika bikari yako. Ilinibidi niiweke chini kwanza. Sikujua kwamba chuma huweza kubaki na umbo la vidole vya mtu.

Duara zilikatana mbali, bara, kaskazini mwa Tanzania. Hazikukutana kwenye nukta. Ziliacha pembetatu ndogo katikati. Ningeweza kuipunguza duara moja kwa unywele, nani angejua? Lakini nilikusikia: "Duara zikikutana kama ncha ya sindano, mwanangu, kuna aliyedanganya."

Nikaiacha. Ami aliporudi na mnunuzi, aliiona mara moja, akacheka. "Wewe na baba yako mumefunga ndoa na karatasi! Hata mahali penyewe hupajui."

"Nukta siijui, ami," nikamwambia. "Lakini najua si hapa."

"Mbali si kinga. Ukuta umepasuka, na bikari haishiki boriti!"

Hapo alisema kweli, nami nilimkubalia. Nikapanda ngazi na tochi, nikamsomea alama zako za penseli kwenye ncha ya ufa, moja kwa kila Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, mwaka umeandikwa kando. Ufa haujaipita alama yako ya mwisho. Ulikuwapo kabla ya tetemeko, na tetemeko halikuusogeza hata kwa upana wa ukucha. Mnunuzi aliiacha kahawa yake nusu. Ami alivaa viatu vyake.

Watarudi, nami saini siitoi. Mfungo Mosi ujao nitapanda ngazi ile ile na penseli yako. Ufa ukisonga, nitakuwa wa kwanza kulisema, hata kama litanitoa humu. Usiposonga, na wapige hodi mpaka vidole viwaume.

Mola akupe nafasi kaburini, baba. Ramani nimeitundika ukutani, kando ya ufa. Pembetatu sikuifuta.

Mwanao,
Rukia