Barua ya Kusema Siwezi

Nakuru, Jumanne, Juni 1969

Na barua yenyewe ilitoka safi, kwa hilo lazima nijisifu.

Mzungu atakayekuwa meneja wa tawi letu la trekta bado yuko kwao Ulaya, anangoja kibali cha kazi. Miezi minane sasa tawi naliendesha mimi, karani. Ili apewe kibali, kampuni lazima ithibitishe kwamba hakuna Mkenya anayeiweza kazi hiyo. Wakubwa wakaniambia niandike hivyo. Nikapiga taipu bila kosa hata moja.

Leo nimeipeleka. Afisa wa vibali akaisoma, akavua miwani.

"Mzee, kwa sasa hilo tawi linaendeshwa na nani?"

"Ni mimi, bwana."

"Na hii barua ya kusema hakuna Mkenya anayeweza, ameitia sahihi nani?"

Nikamwonyesha pale chini. Jina langu, halafu: Kaimu Meneja.

Nilidhani ataitupa. Mungu anisamehe, niliomba aitupe.

Akapiga muhuri.

Mke wangu ameuliza kama tumepata kibali. Nimemwambia tumepata. Kesho naanza kumtafutia bwana mkubwa nyumba. Akifika, nitamfundisha kazi.